Tumbaku Katika Mzigo wa Msafiri: Kiasi Kinachosamehewa Ushuru na Wajibu wa Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Mirongo, Mwanza)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno kuletwa mbele ya mkutano kama huu, nalo ni tumbaku ambayo msafiri anaruhusiwa kuingia nayo nchini bila kutozwa ushuru anaporudi kutoka safari ya nje. Huenda mmoja wenu akajiuliza: je, sisi wakulima wa pamba na wavuvi wa ziwa hili tunahusikaje na sigara za wasafiri? Jibu ni kwamba siku hizi wanachama wetu wanasafiri. Wako wanaokwenda Hija, wako wanaokwenda kuwatazama watoto wao walioko masomoni au kazini ng'ambo, wako wanaofuata matibabu, na wako wengi zaidi ambao huvuka tu kwenda Kisumu, Kampala au Kigali na kurejea baada ya siku tatu. Isitoshe, vyama vyenyewe hupeleka wajumbe kwenye ziara za mafunzo. Mwaka 2025, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, ziara za namna hiyo zilizungumzwa sana katika vikao vyetu.

Na mtu akisafiri, huagizwa. Huu ni utu wetu, wala siulaumu. Mzee mmoja ataomba aletewe ugoro, mwingine ataomba katoni ya sigara za huko aonje, na mjumbe mwenye moyo mwema ataandika majina yote kwenye karatasi na kupokea fedha za kila mmoja. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, na mara nyingine matatizo hayo humalizikia juu ya jina la chama. Kwa sababu hiyo nimekubali kuja.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hii si sheria ya Tanzania peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayosomwa na ofisa wa forodha wa Kenya kule Isebania, na wa Uganda kule Mutukula. Katika Jedwali lake la Tano yametajwa mambo yanayosamehewa ushuru, na miongoni mwa hayo ni mizigo ya abiria anayewasili kutoka nje ya nchi. Nguo zake, vyombo vyake vya kujitumia na vitu vya nyumbani vimeelezwa kwa maneno ya jumla. Lakini ilipofika kwenye vitu vitatu, yaani vileo, manukato na tumbaku, sheria haikutaka kuacha nafasi ya ubishi, ikataja vipimo. Kwa upande wa tumbaku kipimo ni hiki: sigara, sigara nene zilizosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu, tumbaku yenyewe na ugoro, vyote kwa jumla visizidi gramu 250. Tena msamaha huo hupewa abiria aliyetimiza umri wa miaka 18 tu.

Naomba tusimame kidogo kwenye maneno "vyote kwa jumla," maana hayo ndiyo yanayowapotosha watu. Wako wanaodhani kwamba wanaruhusiwa gramu 250 za sigara, kisha gramu 250 nyingine za ugoro, kisha nyingine tena za tumbaku ya kiko. Sivyo. Mzani ni mmoja. Ukiweka sigara juu yake, umekwisha kupunguza nafasi ya ugoro. Wazee waliozoea ratili wapate picha hii: gramu 250 ni zaidi kidogo tu ya nusu ratili.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Sigara moja ya kawaida ina uzito usiozidi sana gramu moja, na nyingi ni pungufu kidogo. Paketi moja ina sigara 20. Katoni moja ya paketi kumi ina sigara 200, yaani ukadiriaji wa gramu 200 au chini yake. Kwa hiyo mtu mzima mwenye katoni moja yuko salama, na bado anayo nafasi ya kopo dogo la ugoro. Mwenye katoni mbili amekwisha kuvuka mpaka wa msamaha, hata kama hakununua ugoro wowote. Katoni ya pili hutozwa. Sikusema kwamba hunyang'anywa, nimesema hutozwa, na tofauti ya maneno hayo mawili nitairudia baadaye kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko yote niliyokuja nayo.

Zaidi ya kipimo, yako masharti. Mzigo uwe mali ya abiria mwenyewe na uandamane naye. Uwe kwa matumizi yake au ya nyumba yake. Uwe wa aina na kiasi ambacho ofisa ataridhika nacho. Kisha sheria ikaongeza neno ambalo makatibu wangeliandika ukutani: msamaha wa mizigo hauhusu bidhaa za biashara, wala vitu vya kuuzwa au kugawiwa watu wengine.

Tuchukue mfano. Chama kimepeleka wajumbe watano kwenye ziara ya mafunzo nchi jirani. Wanachama ishirini waliobaki wamewapa fedha za kuwaletea sigara. Wajumbe wale wamenunua katoni ishirini, na kwa kuwa mmoja wao ana begi kubwa, wamezitia zote humo. Wanapofika mpakani wanasema, "Mheshimiwa, sisi tuko watano, na hizi ni za wenzetu." Ndugu zangu, kwa maneno hayo wamejifungia mlango wenyewe. Kwanza, begi ni la mmoja, na mmoja ana gramu 250. Pili, hata zikigawanywa kwa watano, kila mmoja ana katoni nne. Tatu, wamekwisha kutamka kwa vinywa vyao kwamba ni za kugawiwa watu wengine. Kila mjumbe angelibeba katoni yake moja katika begi lake mwenyewe kwa matumizi yake, pasingekuwa na neno. Wale wanachama ishirini walioko nyumbani hawana msamaha wowote, kwa kuwa hawakusafiri. Msamaha ni wa msafiri, wala haukopeshwi, haurithiwi, wala hauwekwi katika mfuko wa pamoja kama hisa.

Najua neno hilo la mwisho ni gumu kwa wanaushirika, kwani kazi yetu yote ni kuweka pamoja. Pamba tunaikusanya pamoja na pembejeo tunazinunua pamoja. Lakini hapa sheria haikitambui chama. Inamtazama mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza na begi lake.

Kwa nini sheria ikawa ya ukali wa namna hii katika tumbaku, na ikawa laini katika mashati na sufuria? Sababu ni kwamba sigara ni miongoni mwa bidhaa zinazotozwa kodi zaidi ya moja. Sigara inayoingia kutoka nje hutozwa ushuru wa forodha, hutozwa ushuru wa bidhaa, na hutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Paketi ni ndogo, ni nyepesi, haiozi upesi, na kodi iliyomo ndani yake ni kubwa kulinganisha na uzito wake. Kitu chenye sifa hizo ndicho mlanguzi anachokipenda. Ndiyo maana kila nchi duniani huyaangalia mabegi ya tumbaku kwa jicho la pekee, na ndiyo maana tangu Januari 2019 sigara zinazouzwa nchini Tanzania zimewekwa katika mpango wa stempu za kodi za kielektroniki. Paketi isiyo na stempu ikionekana katika duka la mwanachama pale sokoni, mwenye duka hawezi kujitetea kwamba aliletewa zawadi na shemeji yake. Zawadi haipangwi rafuni.

Hapa hapana budi nigusie historia, kwa kuwa tabia zetu mipakani zimetokana nayo. Umoja wa forodha katika Afrika Mashariki si jambo jipya. Kenya na Uganda zilianza mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka 1927. Wazee waliopo hapa wanakumbuka enzi za Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, wakati meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilipokuwa ikizunguka ziwa lote, na mtu akipanda Mwanza aweza kushuka Kisumu au Port Bell. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo bidhaa ziliadimika. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kula na sigara vilipita kwa njia za panya na kwa mitumbwi ya usiku. Mwaka huo huo wa 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wengine, kwa hofu, wakatupa mali zao ziwani na vichakani.

Hofu ile imebaki. Imerithiwa hata na vijana ambao hawakuwapo. Mtu akiona sare ya ofisa wa forodha, jambo la kwanza linalomjia ni kuficha. Na atakuta anaficha katoni moja ambayo sheria ingemwachia bila hata kuuliza swali la pili! Huu, kwa maoni yangu, ndio upotevu wa kusikitisha kuliko wote. Mwenye haki anajifanya mkosaji kwa kutoijua haki yake.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa upya kwa Mkataba uliotiwa saini Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000, na Umoja wa Forodha ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Kutoka hapo likazuka kosa la upande wa pili. Baada ya watu kuogopa kupita kiasi, sasa wako wanaosema: "Jumuiya ni moja, ushuru umekwisha, chukua utakacho." Jambo hili lataka maelezo.

Ni kweli kwamba bidhaa iliyotengenezwa katika nchi mwanachama, ikithibitishwa asili yake, haitozwi ushuru wa forodha inapoingia nchi mwanachama nyingine. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna hata cheti chepesi cha asili, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ambacho hujazwa pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Cheti hicho kimewasaidia sana akina mama wanaovuka na nafaka, maharage na samaki. Lakini ushuru wa forodha ni mmoja tu kati ya zile kodi nilizozitaja. Ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani hulipwa katika nchi ambako bidhaa itatumika. Sigara iliyotengenezwa Kenya ikavushwa Sirari kwa biashara itasamehewa ule wa kwanza ikiwa na cheti chake, lakini hizi nyingine zitaingoja. Kwa hiyo, anayesema Jumuiya imefuta ushuru wa sigara amesikia nusu ya habari.

Tena, anayevuka Sirari asubuhi na kurudi jioni, kila siku ya juma, na kila siku ana katoni moja ya "kujivutia," asidhani kwamba ofisa hana macho. Kiasi cha gramu 250 kiliwekwa kwa ajili ya msafiri anayerudi nyumbani na kitu chake. Akirudia siku sita huyo ni mchuuzi, na mchuuzi ana utaratibu wake wa halali ambao si mgumu kama anavyoudhania.

Sasa nije kwenye lile neno nililoahidi kulirudia, yaani tofauti ya kutozwa na kunyang'anywa. Msafiri aliyezidisha kiasi, akalitaja mwenyewe, hutozwa kodi juu ya kile kilichozidi. Atapewa hesabu, atalipa kwa namba ya malipo, atapewa stakabadhi, ataondoka na mzigo wake na heshima yake. Huenda akaona kodi ni kubwa kuliko bei aliyonunulia. Hayo ni mapato ya tamaa yake, lakini hakuna kosa la jinai.

Aliyeficha yuko mahali pengine kabisa. Sheria ile ile inasema kwamba anayeingiza kwa magendo, anayeficha, au anayekutwa na bidhaa ambazo hazikulipiwa ushuru, ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Anayetoa tamko la uongo au kuleta hati ya uongo, kifungo chake chaweza kufika miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000. Na bidhaa zenyewe hutaifishwa. Wala mambo hayaishii kwenye bidhaa. Gari, mnyama, au chombo kidogo cha majini kilichotumika kuzibeba nacho chaweza kutaifishwa.

Ndugu wavuvi, hilo ni lenu. Mtumbwi na mashine yake ni mali ya miaka mingi ya jasho, na mara nyingine ni mali iliyokopewa fedha za chama. Kijana mmoja akikubali kupakia maboksi ya sigara usiku kutoka upande wa pili wa ziwa kwa ujira wa safari moja, ameweka rehani kitu ambacho si chake. Atakapokamatwa hataulizwa nani alikopa na nani ni mdhamini. Deni litabaki kwenye daftari la chama na mashine haitakuwapo. Kamati za mikopo zingefanya vyema kuliandika jambo hili katika mkataba wa mkopo wa chombo, kwa maneno machache na wazi, ili mkopaji alisome kabla ya kutia sahihi.

Kadhalika, mahali pa kuingilia si popote. Msafiri wa majini ashukie kwenye bandari iliyotangazwa, na wa nchi kavu apite kwenye kituo cha forodha. Kwa upande wa magharibi tunacho Mutukula, na kwa Rwanda tunacho Rusumo. Vyote viwili vimegeuzwa kuwa vituo vya pamoja, Rusumo ukizinduliwa rasmi Aprili 2016 na Mutukula Novemba 2017, ambako msafiri hushughulikiwa na nchi zote mbili katika jengo moja, upande anaoingia. Jambo hilo limefupisha foleni. Limefupisha pia visingizio, kwa maana maofisa wa pande zote mbili wako dirisha kwa dirisha, na hadithi uliyoisimulia hapa haiwezi kubadilika ukifika pale.

Kwa wanaorudi kwa ndege, maduka ya viwanja vya ndege yasiyotoza ushuru yamewachanganya wengi. Maandishi ya dukani yanasema bidhaa haina ushuru, na mnunuzi anaelewa kwamba haina ushuru popote aendapo. Maana yake ni kwamba nchi anayoiacha haikuitoza kodi. Nchi anayoiingia ina haki yake bado. Muuzaji wa duka lile atakuuzia katoni kumi kwa tabasamu, kwa kuwa si yeye atakayesimama nawe mbele ya ofisa. Na kwa kuwa nimetaja duka, nitaje na mfuko wake: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini mwetu, hivyo ule mfuko mzuri wa rangi utauacha uwanjani, hata kama sigara zimo ndani ya kiasi.

Wanachama wanaokwenda mbali wajue pia kwamba gramu 250 zetu si kipimo cha dunia nzima. Uingereza humruhusu mgeni mtu mzima sigara 200, au badala yake gramu 250 za tumbaku. India ilipunguza kiasi chake mwaka 2014 na kukifanya sigara 100. Australia, tangu Julai 2017, inaruhusu sigara 25 pamoja na paketi moja iliyofunguliwa, basi. Singapore hairuhusu hata moja bila ushuru. Kwa mzee anayekwenda Australia kumwona binti yake akiwa na katoni moja begini, asipoitaja, safari ya furaha yaweza kuanza kwa faini. Na karibu zaidi na sisi, Uganda kwa sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015 imekataza uingizaji na uuzaji wa tumbaku isiyochomwa moto, pamoja na shisha na sigara za kielektroniki. Ugoro ni tumbaku isiyochomwa moto. Mwanachama anayekwenda Kampala na kopo la ugoro kwa ajili ya mjomba, na alitafakari hilo kabla ya kufika Mutukula.

Mwelekeo wa dunia ni kupunguza, wala si kuongeza. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zifikirie kukataza au kubana tumbaku isiyotozwa kodi inayouzwa au kuingizwa na wasafiri. Asiyeamini atazame jinsi Australia ilivyoshuka. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya safari, ni busara kuuliza upya, hasa baada ya bajeti za mwezi Juni.

Hapa najua atainuka mtu na kusema: "Lakini tumbaku ni zao la wenzetu wa ushirika!" Ni kweli. Wakulima wa Urambo, Sikonge na Kaliua wamesomesha watoto kwa jani hilo, vivyo hivyo wenzetu wa Kahama, Chunya na Namtumbo, na vyama vyao ni ndugu wa vyama vyetu. Urambo yenyewe iligeukia tumbaku baada ya ule mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni kushindwa mwaka 1951. Mimi sikuja hapa kumsifu mvutaji wala kumtukana, na madhara ya tumbaku kwa mapafu na moyo madaktari wamekwisha kuyasema vizuri kuliko nitakavyoweza. Lakini katoni ya magendo haimsaidii mkulima wa Urambo kwa senti moja. Haikununua jani lake kwa njia anayoweza kuidai, na haikulipa kodi ambayo ingejenga zahanati ya kumtibu mvutaji. Ikiwa mtu ameshindwa kuiacha sigara, afadhali avute iliyolipiwa.

Sasa maneno machache kwa makatibu peke yao, kwa kuwa ndio watakaofuatwa.

Mjumbe atakuja ofisini siku mbili kabla ya safari na kuomba barua. Barua ya utambulisho ni haki yake: jina, namba ya pasi au hati ya kusafiria, shughuli anayokwenda kuifanya, na tarehe ya kurudi. Iandikwe hivyo na ikome hapo. Asije katibu akaongeza kwa huruma mstari unaosema kwamba "mzigo wowote atakaorudi nao ni mali ya chama." Mstari huo hauna nguvu ya kumsamehe mtu ushuru, ila una nguvu ya kukiingiza chama katika kesi. Mzigo ukiwa wa chama, sio tena mzigo wa abiria, bali ni uagizaji wa bidhaa, nao una wakala wake wa forodha na hati zake. Mhuri wa chama ukikutwa kwenye karatasi iliyo juu ya boksi la sigara zilizofichwa, wa kwanza kuitwa atakuwa katibu.

Fedha za masurufu ya safari zisiunganishwe na fedha za maagizo ya watu. Nimeona hesabu za ziara ambamo posho, nauli na "fedha za vitu vya wanachama" vimeandikwa safu moja. Mkaguzi akiuliza, hakuna wa kujibu. Anayeagiza ampe msafiri fedha nje ya ofisi, kati yao wawili, na wala katibu asiweke orodha hiyo katika jalada. Vyema zaidi, wakati wa kikao cha kuwaaga wajumbe, katibu awasomee kile kipimo mbele ya wote, ili waagizaji nao wasikie. Mjumbe mdogo kwa umri huona aibu kumkatalia mzee anayemwagiza ugoro wa kilo moja. Akisaidiwa na neno la kikao, atapata pa kuegemea bila kumvunjia mzee heshima.

Wajumbe wenyewe waelekezwe mambo haya: kila mtu abebe begi lake na alijue lililomo ndani, maana "nilipewa na rafiki nimbebee" si utetezi. Atunze stakabadhi ya dukani, kwa sababu ofisa akikadiria bei bila stakabadhi huenda akakadiria juu. Anapofika, akiwa na shaka yoyote, aende kwenye njia ya wenye kitu cha kutaja, aseme kwa sauti ya kawaida: "Nina sigara kadhaa, naomba zitazamwe." Asimpeleke mtoto wa miaka 15 mbele na katoni ya pili, kwa kuwa mtoto hana msamaha huo, na tumbaku mkononi mwa mtoto inagusana pia na Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18.

Na akitozwa, adai stakabadhi ya Mamlaka ya Mapato. Ofisa mwema atampa bila kuombwa. Akiambiwa kwamba hakuna haja ya stakabadhi, "tumalizane tu," ajue kwamba fedha hizo hazikwenda Hazina, na kwamba mzigo wake bado haukulipiwa kisheria hata kama amepungukiwa mfukoni. Akikamatwa kilomita kumi mbele hatakuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo stakabadhi inamlinda yeye kwanza, Serikali baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, kile kipimo cha gramu 250 nimeomba kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila chama, pamoja na majina ya vituo vya forodha vilivyo karibu nasi. Wenye maswali juu ya vileo na manukato, ambavyo vina vipimo vyake, na wale waliokwisha kuniandikia vikaratasi juu ya pikipiki zinazonunuliwa nje, niko tayari kuwajibu sasa kwa kadiri ya muda utakaoniruhusu.